Kehancha Yataka Nini Kwanza?

TAHARIRI

Ndugu Wanachama,

Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Mji wetu wa Kehancha haushiki mbili tu, wataka kushika kumi. Tukiitwa kutoa maoni, huyu asimama ataka lami, yule ataka taa za barabarani, wa tatu ataka maji, wa nne soko jipya, wa tano stendi ya matatu, wa sita kichinjio, wa saba uwanja wa mpira. Wote wasema kweli, maana vyote havitoshi. Lakini orodha ya mambo kumi bila namba ya kwanza ni sawa na kumwachia mwenye kalamu achague apendalo. Naye akichagua, hatuna neno la kumwuliza, kwa kuwa alichokichagua kimo katika orodha yetu.

Kwa hiyo leo gazeti hili lina neno moja. Wafanya kazi wa Kehancha na tuwe na jambo moja la kwanza, tulitaje kwa jina, na tulisimamie mpaka liishe ndipo tushike la pili. Sisi twaonelea jambo hilo la kwanza ni ghala la nafaka lenye mashine ya kukaushia mahindi na mizani ya haki, pamoja na njia nzuri za kulifikia kutoka mashambani. Mwenye hoja nyingine na ailete, tutaipima. Lakini asilete kumi.

TULIKOTOKA

Kupanga maendeleo si jambo geni kwa vyama vya wafanya kazi. Tom Mboya, mwana wa Kisiwa cha Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, alianza kazi akiwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, akawaunganisha watumishi wenzake wa mabaraza katika chama, kisha akawa kiongozi wa wafanya kazi wa nchi nzima. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulitoka wakati wake. Waraka ule ulisema wazi kwamba fedha ni chache, basi zitiwe kwanza pale zitakapoleta mazao mengi upesi, na faida yake isaidie sehemu nyingine baadaye.

Fikira ile ilikuwa na maana, maana kupanga ni kuchagua. Lakini aliyechagua alikuwa Nairobi, na mahali palipokwisha kuwa na reli, umeme na masoko ndipo palipoonekana pana faida ya upesi. Sehemu za pembeni ziliambiwa zingoje, na nyingine zilingoja sana. Ukuria wetu una mvua na udongo mzuri, lakini mvua peke yake haifikishi gunia sokoni.

Wilaya ya Kuria ilipokatwa kutoka Migori mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kehancha ilipata makao makuu, na ikawa na baraza la manispaa ambalo mipaka yake ilikuwa mipana kuliko mji wenyewe. Sehemu kubwa ya manispaa hiyo ilikuwa mashamba. Mwaka 2013 mabaraza yote ya zamani yalikwisha, kaunti zikaanza chini ya Katiba ya 2010, na sisi tukawa sehemu ya Kaunti ya Migori. Katiba hiyo yataka kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kila mwaka. Kilimo, masoko, vichinjio, barabara za kaunti na mipango ya miji ni kazi ya kaunti. Basi hatuwezi tena kusema kwamba kila kitu kiko Nairobi. Mengine yako Migori mjini, na mengine yako mikononi mwetu wenyewe.

Jambo moja la siku zile za manispaa pana tusilisahau. Kehancha haijawa mji wa viwanda wenye mashamba mbali. Ni mji ulioketi katikati ya mashamba. Shamba likipata, duka lapata, boda boda yapata, fundi cherehani apata. Shamba likikosa, mji mzima wafunga mapema.

KUUZA GUNIA, KUNUNUA GOROGORO

Kila mmoja wetu aijua hesabu hii kwa tumbo lake. Mavuno ya mvua ndefu yafika kuanzia Julai na Agosti. Mahindi ni mengi, bei ni ndogo. Mtoto ataka karo, mgonjwa ataka dawa, na mahindi hayajakauka. Mnunuzi aja na lori na mizani yake, au bila mizani kabisa, ashurutisha gunia lijazwe mpaka lishonewe kilemba. Twauza. Miezi michache baadaye tunayanunua mahindi yale yale kwa gorogoro, kwa bei ya juu. Mwalimu, askari wa zamu, mfagia mji, mpakizi wa stendi, wote wamo katika hesabu hiyo, maana karibu kila mfanya kazi hapa ana kishamba nyumbani, na kila mfanya kazi ala ugali.

Sasa tazameni maji yaliyomo ndani ya mahindi. Mahindi ya kuweka ghalani yatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chukua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20. Ukilikausha mpaka 13.5, zabaki kilo 83 na kidogo. Karibu kilo saba zilikuwa maji matupu. Mnunuzi ajua jambo hilo, kwa hiyo akata bei. Lakini kwa kuwa hakuna aliyepima unyevu, akata kwa kukisia, na makisio ya mwenye lori hayajapata kumpendelea mwenye shamba.

Tena kuna jambo la uhai. Mahindi mabichi yakifungwa huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Hatusemi haya kutishana. Twasema kukausha mahindi juu ya turubai kando ya lami, huku wingu limetanda, ni mchezo mbaya.

Machi 2021 Serikali ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mahindi yawe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiasi kilichowekwa. Sheria za biashara ya nafaka zaelekea huko. Siku hizi anayeuza vizuri ni mwenye mahindi yaliyokauka, yaliyopimwa, yenye karatasi. Asiye na karatasi huuza kwa mwenye lori.

TUMBAKU YAONDOKA, NINI CHAINGIA?

Kwa miaka mingi fedha za taslimu za Kuria zilitoka katika tumbaku. Twajua raha yake na taabu yake. Kampuni ilileta mbegu na mbolea kwa mkopo, ikakata deni lake siku ya malipo. Kuni za kukaushia zilikula miti yetu, na watoto walifunga majani badala ya kwenda shule. Hata hivyo ilikuwa fedha, na kibarua wa tumbaku alilisha nyumba yake.

Sasa dunia inaipa tumbaku kisogo. Kenya iliridhia mkataba wa dunia wa kuzuia tumbaku mwaka 2004, na mkataba ule wazitaka serikali ziwasaidie wakulima na wafanya kazi wa tumbaku kupata riziki nyingine. Hapa hapa Migori mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo, pamoja na Serikali, yameanzisha mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku. Wakulima wapewa mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na soko latafutwa kabla ya mavuno. Mavuno ya kwanza yalipatikana mwaka 2022. Hilo la soko kabla ya mavuno ndilo lililotuvutia. Mtu hakuacha tumbaku kwa sababu ya hotuba. Aliacha kwa sababu aliona mnunuzi.

Basi twauliza: mnunuzi wa maharagwe na mahindi ya Kuria atakutana na mkulima wapi? Ikiwa ni kando ya njia, taabu ni ile ile, jina la zao tu limebadilika. Ikiwa ni ghalani Kehancha, mbele ya mizani iliyopigwa muhuri, hapo pana mabadiliko.

KAZI ZITAKAZOBAKI

Mwanachama mmoja atasema, ghala ni la mkulima, mimi mshahara wangu u wapi? Jibu ni hili. Taa ya barabarani huajiri watu wiki mbili, kisha mwanakandarasi huondoka na ngazi yake. Ghala lenye mashine lataka karani wa mizani, mpima unyevu, fundi wa umeme, fundi wa mashine, walinzi, wapakizi, dereva na mshona magunia. Likisimama vizuri, kinu cha unga chafuata, na pumba za kinu ni chakula cha kuku na ng'ombe. Kazi hizo zina majina, na kazi yenye jina yaweza kuwa na barua ya ajira, na mwenye barua aweza kuwa na chama.

Tazameni jirani zetu wa Awendo. Kiwanda cha sukari kilichojengwa huko miaka ya 1970 kiliujenga mji. Lakini mji ukiegemea zao moja na kiwanda kimoja, uamuzi uliofanywa mbali huutikisa wote. Mwaka 2025 Serikali ilivikodisha kwa watu binafsi viwanda vyake vinne vya sukari, na hicho cha Awendo kikiwa kimojawapo, na wafanya kazi ndio walioshika vichwa wakiuliza juu ya kazi na malimbikizo yao. Somo letu ni hili: tusingoje kiwanda kimoja kikubwa kushuka kutoka mbinguni. Tuanze na kitu ambacho sisi wenyewe twaweza kukimiliki kwa ushirika, kinachopokea mazao zaidi ya moja.

ISEBANIA SI ADUI

Kuna maneno ya chini kwa chini kwamba Isebania yatumeza, kwa sababu ina barabara kuu, ina mpaka, ina kituo cha forodha, na Sirari iko hatua chache tu. Sisi hatuoni hivyo. Isebania ni mlango. Mlango bila nyumba nyuma yake ni kazi bure. Kehancha na iwe nyumba: mahali pa kukaushia, kupima, kusaga na kuweka. Isebania na iwe mahali pa kupitishia. Chini ya utaratibu mwepesi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanya biashara mdogo mwenye bidhaa za nchi zetu zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupewa hati rahisi ya asili ya bidhaa pale pale mpakani. Mama mchuuzi aweza kuitumia. Lakini ahitaji bidhaa iliyopimwa na kufungwa vizuri.

Na hapa tuseme lingine lililo gumu. Mipango mingi huharibika tunapoanza kuhesabu ni upande wa nani umepata. Mkira ataka kwake, Mgumbe kwake, Mnyabasi na Mwirege kwao. Mwishowe kila upande hupewa kipande, na kipande hakitoshi kitu: nusu ya barabara hapa, msingi wa jengo pale. Chama chetu kina Wakuria wa koo zote, kina Waluo, Wakisii, Waluhya na wengine, na ada ya uanachama ni moja. Mizani nayo haiulizi ukoo.

MASWALI MATATU

Haitoshi kusema "ghala" na kunyamaza. Twajua kwamba katika nchi hii yako majengo ya soko yaliyofunguliwa kwa ngoma na leo hulala popo. Kwa hiyo kila mradi, pamoja na huu wetu, na uulizwe maswali matatu:

1. Mwanakandarasi akiondoka, kazi gani zitabaki, na ni za watu wangapi?

2. Fedha itakayopatikana itazunguka hapa Kehancha, au italala usiku mmoja na kwenda zake?

3. Nani atalipa umeme, vipuri na mlinzi mwaka wa tatu?

Kwa swali la tatu sisi twajibu: kaunti itoe kiwanja, njia, umeme na mashine, ushirika wa wakulima na wafanya kazi uendeshe, wenye vitabu vinavyokaguliwa na ada ya kukausha inayolipa gharama. Ushirika uundwe kwanza, kabla ya jiwe la msingi. Nayo Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 yamruhusu mwenye nafaka kuiweka katika ghala lililopewa leseni, apewe stakabadhi, na stakabadhi hiyo aweza kuitumia kuomba mkopo. Karo italipwa bila kuuza mahindi kwa bei ya kutupa.

Wako watakaosema maji ndiyo ya kwanza. Hatuwadharau. Mama anayeamkia mtoni hawezi kuambiwa angoje ghala. Lakini pampu ya maji yataka watu wanaoweza kulipa, maana bili isipolipwa pampu hunyamaza. Twasema maji yawe ya pili, na likipatikana fungu lake mbali, yaanze siku moja na ghala. La tatu ni stendi na soko la wachuuzi, lenye choo na paa. Malango, minara na ofisi za fahari zitakuja siku mji utakapokuwa na cha kuonyesha.

NENO KWETU WENYEWE

Haifai kuwasema wengine na kujiacha. Baadhi yetu ni watumishi wa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende katika maendeleo, na kanuni za mwaka 2015 zaweka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Chama hiki kitapigania mshahara wa haki unaolipwa kwa wakati. Lakini hakiwezi kudai ghala asubuhi na jioni kikataka fungu la ghala ligeuzwe posho. Tukifanya hivyo, mkulima hatatusikiliza tena, naye atakuwa na haki.

Kadhalika, mradi utakaojengwa kwa jasho la vibarua na uzingatie sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi ana haki ya kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, pamoja na haki zinazofuata. Ndugu kibarua, andika siku zako katika daftari. Siku isiyoandikwa ni vigumu kuitetea.

KITI CHETU

Sasa twafika penye shina la jambo. Sheria ile ile ya fedha ya 2012, kifungu cha 137, yataka kila kaunti iwe na Baraza la Bajeti na Uchumi, ambalo gavana hushauriana nalo juu ya mipango na bajeti. Nusu ya wajumbe wake hawatoki serikalini. Hutoka kwa wenye taaluma, wafanya biashara, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, dini, na WAFANYA KAZI. Sheria imetaja mambo ya kazi wazi wazi.

Ndugu mwanachama, je, wamjua aliyeketi katika kiti hicho kwa jina lako? Amewahi kuja tawini? Amewahi kukuuliza kitu? Kama hujui, kosa si lake peke yake. Kiti cha mtu asiyedai habari hukaliwa na yeyote.

Katibu wa tawi aandike barua kuuliza jina la mjumbe wetu, na mjumbe huyo aalikwe aje asikie jambo letu moja. Nanyi kateni tarehe hizi mziweke ukutani:

1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka huwa umekwisha pelekwa katika Bunge la Kaunti.
28 Februari: waraka wa mwelekeo wa matumizi, ambao hugawa mafungu kwa kila idara.
30 Aprili: makadirio ya bajeti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti.
1 Julai: mwaka mpya wa fedha huanza.

Atakayekuja kulia mwezi wa Juni amechelewa, maana mafungu yaligawanywa Februari. Na mpango mkubwa wa kaunti wa sasa ni wa miaka 2023 hadi 2027. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2027 utaandikwa mwingine wa miaka mitano. Wagombea watapita kwetu na ahadi kumi kumi. Tusiwaulize watatupa nini. Tuwaulize: la kwanza ni lipi, litagharimu kiasi gani, na litaisha mwaka gani?

Basi kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano wake ujao. Atakayeona tumekosea juu ya ghala aandike, nasi tutachapa barua yake. Tukisha kubaliana, tuseme kwa sauti moja, kutoka Ikerege mpaka Masaba, kutoka Isebania mpaka Ntimaru. Mfanya kazi mmoja akiomba husikilizwa kwa huruma, na wengi wakitaka jambo moja huhesabiwa.

UMOJA NI NGUVU.

Wenu katika kazi,
Mhariri